Torki ya meno

Torki ya meno ni nguvu ya kusokota ambayo waya ya kupangia meno huipeleka kwenye jino ili mzizi wake uelekee mbele au nyuma ndani ya mfupa wa taya. Ni sehemu ya orthodontia, yaani tawi la tiba ya meno linaloshughulika na kupanga meno na taya. Torki haionekani kwa urahisi kama jino lililopanda juu ya jingine, lakini ndiyo inayoamua kama meno yaliyopangwa yatasimama vizuri, yatalala kuelekea ndani ya kinywa au yatachomoza kuelekea midomo.

Nguvu hiyo hupita katika mnyororo wa viungo vitano: waya, mfereji wa braketi, gundi, enameli ya jino, na mzizi uliomo ndani ya mfupa. Kiungo kimoja kikilegea, torki haifiki inakotakiwa. Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, kiungo cha nne, yaani enameli, mara nyingi huwa na hitilafu kutokana na floridi nyingi iliyomo katika maji ya kunywa. Kwa hiyo eneo hilo ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba matokeo ya kupanga meno hayategemei waya peke yake, bali pia maji ambayo mgonjwa aliyanywa alipokuwa mtoto mdogo.

Maana

Jino lina sehemu mbili kuu: taji, ambayo huonekana kinywani, na mzizi, ambao umefichwa ndani ya ufizi na mfupa. Daktari anaweza kulifikia taji tu. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu jino linaposukumwa kwenye taji halisogei lote kwa pamoja. Ni kama nguzo ya uzio iliyochimbiwa katika udongo laini: mtu akisukuma ncha yake ya juu kwenda mbele, sehemu iliyo chini kabisa ya udongo hurudi nyuma kidogo. Nguzo huinama, haihami. Jino nalo huinama vivyo hivyo.

Ili mzizi usogee wakati taji limebaki mahali pake, inahitajika nguvu ya aina nyingine. Hiyo ni jozi ya nguvu mbili zinazolingana kwa ukubwa na kuelekea pande zilizo kinyume, kama vidole viwili vinavyozungusha ufunguo katika kitasa. Katika fizikia athari ya jozi hiyo huitwa momenti, na momenti inayolisokota jino kutoka upande wa mdomo kwenda upande wa ulimi, au kinyume chake, ndiyo torki.

Torki huitwa chanya pale taji linapoelekezwa upande wa mdomo na mzizi upande wa ndani. Huitwa hasi pale taji linapoelekezwa upande wa ulimi na mzizi upande wa nje. Ukubwa wa pembe hutajwa kwa digrii, na ukubwa wa momenti hutajwa kwa nyutoni-milimita.

Umuhimu

Meno ya mbele ya juu ndiyo yanayohitaji torki zaidi. Kwa mfano, mgonjwa mwenye meno yaliyochomoza huweza kung'olewa magego madogo mawili ya juu ili kupata nafasi, kisha meno ya mbele yakavutwa nyuma. Yakivutwa bila torki ya kutosha, mataji hurudi nyuma lakini mizizi hubaki mbele. Meno huonekana yamelala kuelekea ndani, mdomo wa juu hupoteza egemeo lake, na meno ya juu hayakutani vizuri na ya chini. Nafasi iliyoachwa na magego yaliyong'olewa nayo inaweza isizibike yote, kwa sababu meno yaliyolala huchukua urefu mdogo wa upinde kuliko meno yaliyosimama.

Torki iliyozidi nayo ina madhara. Mzizi ukisukumwa mbali mno unaweza kugusa ukuta mwembamba wa mfupa, ufizi ukashuka, au ncha ya mzizi ikafupika.

Sehemu za kifaa

Kifaa cha kupangia meno ambacho watu wengi hukiita kwa ufupi "waya za meno" kina sehemu zifuatazo:

Braketi ni kipande kidogo cha chuma cha pua au kauri kinachobandikwa juu ya uso wa jino. Katikati yake kuna mfereji wa pembe nne. Mifereji inayotumika sana ina kimo cha inchi 0.022 au 0.018, sawa na takriban milimita 0.56 na 0.46.

Waya ni uzi wa metali unaopita katika mifereji ya braketi zote kuanzia gego la upande mmoja hadi gego la upande mwingine.

Kifungo ni mpira mdogo wa duara au uzi mwembamba wa chuma unaoizuia waya isitoke katika mfereji.

Gundi ni utomvu unaogandishwa kwa mwanga maalumu wa buluu. Huishikilia braketi kwenye enameli.

Pete ni mkanda wa chuma unaozungushwa kwenye gego zima. Hutumika pale ambapo gundi peke yake haitoshi.

Jinsi waya inavyosokota jino

Mwanzoni mwa tiba daktari hutumia waya nyembamba ya duara. Waya hiyo hunyoosha mstari wa meno, lakini haiwezi kutoa torki, kwa sababu kitu cha duara huzunguka ndani ya mfereji bila kuushika. Torki huanza pale waya ya duara inapobadilishwa na waya ya pembe nne.

Waya ya pembe nne inapoingia katika mfereji ikiwa imesokotwa kidogo, kona yake moja husukuma ukuta wa juu wa mfereji na kona iliyo kinyume husukuma ukuta wa chini. Misukumo hiyo miwili ndiyo jozi ya nguvu iliyotajwa hapo juu. Waya hujaribu kurudi katika hali yake ya mwanzo, na inapofanya hivyo hulisokota jino pamoja nayo.

Nguvu zinazotokea ndani ya mfereji ni kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Momenti ya nyutoni-milimita 10 iko ndani ya kiwango ambacho hutajwa mara nyingi kwa jino la mbele la juu. Kwa kuwa kona mbili za waya ziko umbali wa takriban milimita 0.6 tu, kila moja lazima isukume kwa nguvu ya nyutoni 16 hivi, karibu sawa na uzito wa kilo moja na nusu. Mkono wa jozi ukiwa mfupi, nguvu lazima iwe kubwa. Ndiyo sababu mfereji hutengenezwa kwa metali au kauri ngumu, na ukitanuka kidogo tu torki hupungua.

Nafasi iliyobaki katika mfereji

Waya haijazi mfereji wote. Ingeujaza kabisa, isingeweza kuingizwa wala kuteleza. Nafasi inayobaki huiruhusu waya izunguke kidogo kabla kona zake hazijagusa kuta, na mzunguko huo ni torki iliyopotea.

Waya ya chuma ya inchi 0.019 kwa 0.025 katika mfereji wa inchi 0.022 huzunguka takriban digrii 10 kabla ya kushika. Kama braketi imetengenezwa kwa torki ya digrii 17, jino hupata digrii 7 hivi tu, isipokuwa daktari aisokote waya zaidi kwa koleo. Kingo za waya zikiwa zimeviringwa, au mfereji ukiwa mpana kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti, hasara huongezeka. Kwa hiyo namba ya torki iliyotajwa na mtengenezaji wa braketi ni lengo, si ahadi.

Aina ya metali

Waya za ukubwa uleule hutoa torki tofauti kulingana na metali yake. Chuma cha pua ni kigumu na hutoa momenti kubwa hata kikisokotwa kidogo. Aloi ya nikeli na titani hunyumbulika sana. Inafaa kwa kunyoosha meno mwanzoni, lakini ni laini mno kwa kumalizia torki. Aloi ya titani ya aina ya beta iko katikati: ina ugumu wa takriban theluthi moja hadi mbili ya tano ya chuma cha pua, hivyo hutoa nguvu ya wastani inayodumu kwa muda mrefu zaidi.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Mzizi haukugusana moja kwa moja na mfupa. Kati yake kuna utando mwembamba wenye nyuzi na mishipa ya damu. Torki inapofika kwenye mzizi, upande mmoja wa utando hubanwa na upande wa pili huvutwa. Upande uliobanwa, seli maalumu huumung'unya mfupa. Upande uliovutwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Mzizi husogea polepole katika nafasi inayofunguka.

Kazi hiyo huchukua miezi, si siku. Nguvu kubwa haiiharakishi, kwa kuwa utando ukibanwa mno hukosa damu, seli hufa na mwendo husimama kwa muda. Nguvu hiyo kubwa huongeza pia hatari ya ncha ya mzizi kumung'unywa pamoja na mfupa. Ndiyo sababu daktari huongeza torki kwa hatua na kumtaka mgonjwa arudi kliniki kila baada ya wiki kadhaa.

Historia

Msingi wa torki ya kisasa uliwekwa na daktari Mmarekani Edward Angle, ambaye mwaka 1925 alitambulisha braketi yenye mfereji wa pembe nne unaofunguka upande wa mbele. Wakati huo kila braketi ilikuwa sehemu ya pete ya chuma iliyozungushwa kwenye jino, na daktari alilazimika kuikunja waya kwa mkono kwa kila jino.

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa tindikali ya fosfori hupata vinyweleo vidogo ambamo gundi ya plastiki huweza kujishika. Ugunduzi huo uliwezesha braketi kubandikwa moja kwa moja kwenye jino bila pete. Braketi inapobandikwa hivyo, torki ya meno ya mbele hutegemea mshiko kati ya gundi na enameli.

Mwaka 1972 Lawrence Andrews, pia wa Marekani, alichapisha matokeo ya kupima sampuli 120 za meno yaliyopangika vizuri bila kuwahi kutibiwa. Kutokana na vipimo hivyo alibuni braketi ambazo pembe za torki zimechongwa ndani yake, ili waya iliyonyooka ifanye kazi bila mikunjo mingi. Katika mfumo wake jino la kwanza la mbele la juu lilipewa digrii 7. Mifumo iliyofuata iliongeza namba hiyo hadi digrii 12 na 17, hasa kwa sababu ya torki inayopotea katika nafasi ya mfereji.

Vipimo hivi vyote vilikusudiwa kwa enameli nzima. Mahali ambapo enameli ilijengeka kwa hitilafu, hesabu hubadilika.

Floridi katika eneo la Mlima Meru

Mlima Meru ni volkeno yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500 iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana natiri na floridi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya katika miamba hiyo huyeyusha floridi. Kwa kuwa maji hayo yana kalisi kidogo, floridi haipati cha kushikamana nacho ili itue chini, bali hubaki ndani ya maji hadi kwenye chemchemi, mito na visima.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchini Tanzania kiwango cha miligramu 4 kilikubaliwa kwa miaka mingi kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na chanzo kingine cha maji. Kuzunguka Mlima Meru vipo vyanzo vinavyozidi viwango vyote viwili. Mto Maji ya Chai, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, umetajwa katika tafiti nyingi kwa floridi yake, na maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha yana mamia ya miligramu kwa lita. Hata hivyo viwango hutofautiana sana hata kati ya chemchemi zilizo karibu. Watoto wa vijiji viwili jirani wanaweza kuota meno yasiyofanana.

Chakula nacho huchangia. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande yanaweza kuwa na floridi nyingi, kutegemea yalikochimbwa.

Florosisi ya meno

Mtoto anapopata floridi nyingi wakati enameli ya meno yake ya kudumu inajengeka, protini ambazo zilipaswa kuondoka hubaki muda mrefu, na madini hayajazi nafasi zote. Matokeo yake ni enameli yenye ganda gumu juu na tabaka lenye vinyweleo chini yake. Hali hiyo huitwa florosisi ya meno.

Jino lenye florosisi huota likiwa na mistari au mabaka meupe kama chokaa. Rangi ya kahawia huja baadaye, pale rangi za vyakula na vinywaji zinapoingia katika vinyweleo. Kwa hiyo meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Arusha na Meru si dalili ya uchafu, na mswaki hauwezi kuyasafisha.

Meno ya mbele huwa katika hatari zaidi wakati mtoto ana umri kati ya mwaka mmoja na mitatu. Kuanzia umri wa miaka 8 hivi, enameli ya meno yote ya kudumu isipokuwa magego ya mwisho huwa imekwisha kujengeka, na floridi haiwezi tena kuleta florosisi juu yake.

Mwaka 1978 watafiti Anders Thylstrup na Ole Fejerskov wa Denmark walipendekeza kipimo cha florosisi chenye ngazi kuanzia 0 hadi 9, ambacho msingi wake ulikuwa uchunguzi wa meno ya watoto wa Tanzania. Ngazi ya 1 ni mistari myembamba meupe. Ngazi ya 4 ni jino zima kuwa jeupe kama chokaa. Kuanzia ngazi ya 5 vishimo hutokea, na katika ngazi ya 7 hadi 9 sehemu kubwa ya enameli ya nje hubanduka. Kipimo hicho kinatumika hadi leo katika nchi nyingi, na kwa daktari wa kupanga meno kina faida ya moja kwa moja: kinamsaidia kukadiria kama braketi itashika.

Enameli yenye florosisi na torki

Kwa kawaida enameli hupakwa tindikali ya fosfori yenye nguvu ya asilimia 37 hivi kwa sekunde 15 hadi 30 kabla ya kuwekewa gundi. Katika florosisi ya wastani ganda la nje lina floridi nyingi na huyeyuka kwa shida, hivyo vinyweleo vya kushikia gundi huwa haba. Katika florosisi kali ganda hilo limepasuka au limebanduka, na gundi hukutana na tabaka laini lililo chini. Mshiko unaweza kuwa hafifu katika hali zote mbili, lakini kwa sababu tofauti: katika ya kwanza gundi huachia enameli, na katika ya pili enameli yenyewe huvunjika na kutoka pamoja na gundi.

Hesabu rahisi huonyesha uzito wa jambo hili. Braketi yenye kitako cha milimita 3 kwa 3.5 ikipokea momenti ya nyutoni-milimita 10, ukingo wake mmoja huvutwa kutoka kwenye jino kwa mkazo wa karibu megapaskali 2. Nguvu ya mshiko ambayo imekuwa ikichukuliwa kuwa ya kutosha tangu makala ya I. R. Reynolds ya mwaka 1975 ni megapaskali 6 hadi 8. Kwenye enameli nzima, basi, torki peke yake haing'oi braketi, na hubaki akiba ya kustahimili kutafuna. Kwenye enameli iliyoharibika akiba hiyo hupungua. Mgonjwa akiuma hindi la kuchoma au muwa, mkazo wa kutafuna hujumlishwa na ule wa torki, na braketi inaweza kutoka.

Braketi inapotoka, hasara si gundi tu. Jino hilo huacha kusokotwa, na huweza kuanza kurudi lilikotoka huku meno jirani yakiendelea kusogea. Braketi ikibandikwa upya mahali tofauti kidogo, torki hubadilika hata kama waya ni ileile, kwa sababu uso wa jino umepinda kama tumbo la chungu. Tofauti ya milimita moja kuelekea ufizi au ncha ya jino inaweza kubadili torki kwa digrii kadhaa. Kwa mgonjwa anayelipa nauli na kukosa siku ya kazi au shule kila aendapo kliniki, braketi zinazotoka mara kwa mara huweza kurefusha tiba na kuongeza gharama.

Njia za kukabiliana

Florosisi haizuii mtu kupangwa meno. Meno yenye mistari au mabaka mepesi kwa kawaida hubandikwa braketi kama meno mengine. Kwa hali nzito zaidi madaktari hutumia njia kadhaa:

Kupima ngazi ya florosisi na kupiga picha za meno kabla ya tiba, ili madoa ya zamani yasije yakadhaniwa kuwa yameletwa na waya.

Kuongeza muda wa tindikali, au kusugua kidogo ganda la nje kabla ya kuipaka. Njia hii hutumiwa kwa kiasi, kwa sababu enameli iliyoondolewa hairudi.

Kutumia vimiminika vya kusaidia gundi kujishika, au kujaza vishimo kwa utomvu wa rangi ya jino kisha kubandika braketi juu yake.

Kutumia pete kwenye magego, ambako nguvu ya kutafuna ni kubwa.

Kuongeza torki taratibu, kwa kutanguliza waya laini kabla ya waya ngumu ya chuma.

Kuondoa braketi kwa uangalifu mwisho wa tiba. Kitako cha braketi ya chuma hubonyezwa kijipinde badala ya kung'olewa kwa nguvu, ili enameli dhaifu isitoke nayo. Braketi za kauri huhitaji tahadhari zaidi, kwa sababu hazipindi.

Upaushaji, usuguaji wa madoa au vifuniko vya meno, kwa wale wanaovitaka, hufanywa baada ya braketi kuondolewa na meno kutulia.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Vyakula laini kama loshoro, mtori na ndizi za kupika havina tatizo. Mahindi ya kuchoma na miwa huepukwa, na nyama hukatwa vipande vidogo. Dawa ya meno yenye floridi huendelea kutumika hata Arusha, kwa sababu waya hukusanya mabaki ya chakula na hatari ya kuoza huongezeka. Kwa kijana au mtu mzima haiwezi kuleta florosisi mpya. Tahadhari ni kwa watoto wadogo ambao humeza dawa: walio chini ya miaka 3 hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere.

Kinga

Enameli ikishajengeka vibaya haiwezi kujengwa upya, kwa hiyo suluhisho la kudumu liko kwenye maji. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara inayohusika na maji, kimekuwa kikitumia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha, mhandisi Askwar Hilonga alibuni kichujio kinachounganisha mchanga na chembe ndogo sana zilizotengenezwa ili kunasa uchafu wa aina mbalimbali, ikiwemo floridi. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa maji na usafi wa mazingira wa jiji la Arusha.

Pale ambapo hakuna kichujio, familia inaweza kutenga maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo peke yao. Miaka 8 ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, na kati yake miaka 3 ya mwanzo ndiyo inayoamua hali ya meno ya mbele.

Dhana zisizo sahihi

Baadhi ya watu hudhani kwamba floridi hupindisha meno. Florosisi huathiri enameli. Mpangilio wa meno hutokana zaidi na urithi, ukubwa wa taya, kung'olewa mapema kwa meno ya utotoni na tabia kama kunyonya kidole. Mtu anaweza kuwa na meno ya kahawia yaliyopangika vizuri, au meno meupe yaliyopishana.

Dhana nyingine ni kwamba waya yoyote ikikazwa itanyoosha meno. Waya ya duara iliyobandikwa kwa ajili ya urembo, au mpira uliofungwa nyumbani kuzunguka meno, hauna njia ya kudhibiti mzizi. Mpira unaweza kuteleza chini ya ufizi ukafuata mzizi na kulegeza jino lenye afya hadi ling'oke. Bila torki inayodhibitiwa, kinachosogea ni taji tu, na taji lililoachwa bila mzizi kulifuata hurudi lilikotoka.